Tupeane uzoefu: ruta na vifaa vya waifai vya mtumba vilivyowahi kukutoa jasho

Kobe wa Mbezi (mleta mada)
Wakuu heshima kwenu. Jana saa sita usiku nimelala kifudifudi chini ya meza ya TV, tochi ya simu mdomoni kama mwizi, nachomoa na kuchomeka ruta niliyouziwa elfu 25 pale Kariakoo. Nikajisemea, haiwezekani niwe peke yangu kwenye hili.

Inawaka vizuri, taa zote kijani. Ukiwa peke yako unaperuzi haina neno. Watoto wakifungua katuni kwenye TV, mama yao naye akaingia na simu yake, inazima. Inawaka. Inazima tena. Kila dakika tatu hivi. Muuzaji alinijaribishia dukani kwa simu moja, nikaona ukurasa umefunguka, nikalipa nikaondoka natabasamu. Sasa hivi hapokei simu.

Haya mwageni yenu, na mwenye dawa aseme.

Ngosha Halisi
Dukani huwa ni nzima zote. Zinaanza kuugua kwenye daladala.

Fundi wa Tandika
Mleta mada, acha kuilaumu ruta. Shika adapta, soma maandishi yake, kisha geuza ruta usome karatasi ya chini. Nina uhakika hazifanani. Hawa jamaa wana boksi la adapta limechanganyika kila kitu: za redio, za kamera, za king'amuzi. Wanachagua yoyote inayoingia kwenye tundu. Ruta inataka volti 12 ampea 1, wewe umepewa volti 9 ampea 0.6. Ikiwa na simu moja inajikongoja. Watu wakiongezeka, waifai inavuta umeme zaidi, volti zinaporomoka, ubongo wake unazima na kuanza upya.

Na hata maandishi yakifanana usiridhike. Adapta iliyochoka ukiipima tupu inasoma 12 safi kabisa. Ibebeshe mzigo ndiyo utaona inavyoshuka. Kapasita za ndani zimekauka. Ukiifungua utaziona zimevimba kichwani kama maandazi.

Kobe wa Mbezi
Fundi nimeangalia. Zinafanana. Zote 12, zote ampea 1. Sasa?

Fundi wa Tandika
Basi ni hilo la pili. Azima adapta ya jirani ujaribu kabla hujanunua. Ila usiweke ya ampea 3 utaunguza ruta.

Injinia Mtarajiwa
Fundi hapo umepotosha umma. Volti ndizo lazima zilingane, na chanya na hasi zikae upande wake. Ampea zikizidi hazina madhara, ruta inavuta inachotaka.

Fundi wa Tandika
Dogo mimi nimeanza kutengeneza redio wewe hujazaliwa. Nimeshaona ruta imeungua kwa adapta kubwa.

Injinia Mtarajiwa
Uliiona imeungua kwa volti kubwa, mzee wangu. Soketi ya nyumbani kwako inaweza kutoa ampea 13. Mbona taa ya wati 5 haiungui?

Fundi wa Tandika
Taa si ruta.

Ngosha Halisi
Nimekaa pale 😂

Mama Wawili
Yangu nilinunua kwa mwanachuo aliyekuwa anahama hosteli. Ilikuwa inafanya kazi usiku tu, mchana ikipata joto inakufa. Kaka yangu akafungua skrubu mbili. Wakuu, mende. Si mmoja, ukoo mzima, na mayai yamebandikwa kwenye ile bati ya kupoozea. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na fimbo. Tukaisafisha kwa mswaki na spiriti, ikapona kabisa, lakini mimi mpaka leo nikiiona inawaka naona inanichezea ndevu.

Kijana wa Uyole
Hahaha mende wanapenda joto. Sisi Mbeya na baridi hii tungewakodishia.

Mwana Likoni
Ngoja niwape yangu, japo ikinijia mpaka leo natamani kulia.

Niko Mombasa, wakati huo kazi yangu ilikuwa kuandika mtandaoni, unapewa kazi usiku unawasilisha asubuhi. Nikanunua ruta ya ex-UK, shilingi 1,800 za kwetu, safi kama mpya. Wiki ya kwanza raha tupu. Siku moja naamka, kipakatalishi hakioni waifai. Simu yangu inaiona, simu ya mke inaiona, TV ya jirani inaiona. Kipakatalishi kinaona waifai za mtaa mzima isipokuwa ya kwangu niliyoilipia.

Nikaenda kwa fundi. Akasema kadi ya waifai imelegea, akaichomoa na kuichomeka upya. Nikarudi nyumbani, ikashika siku mbili, ikapotea tena. Nikarudi. Akasema ni virusi, akafuta kila kitu akaweka Windows upya. Picha za harusi ya dada yangu zilikuwa humo, na sikuwa na nakala popote. Ikashika tena siku moja, ikapotea. Nikakosa kazi tatu kwa kuchelewesha, yule mteja akaniondoa kwenye orodha. Kufika hapo nikawa nakaa kwenye ngazi za hoteli moja nikiiba waifai ya wageni, mlinzi ananiangalia.

Aliyeniokoa ni mtoto wa kidato cha tatu, wallahi. Akauliza, "Anko, hiki kipakatalishi kilitoka wapi?" Nikamwambia binamu aliniletea kutoka Marekani. Akacheka. Kumbe waifai ile ya kawaida ya 2.4GHz ina njia zake (chaneli), Uingereza wanatumia 1 mpaka 13, na Marekani kwa kawaida vifaa vinaishia 11. Ruta yangu ilikuwa imeachwa ijichagulie njia yenyewe. Mtaani kukijaa, inakimbilia 13, na kipakatalishi cha Kimarekani hakijui kuna kitu kinaitwa 13. Ndiyo maana ilikuwa inashika na kupotea bila mpango. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, 192.168.1.1, akaweka njia ya 6, akahifadhi. Sekunde arobaini.

Picha za harusi hazikurudi.

Injinia Mtarajiwa
Hii ni elimu. Asante mkuu, pole kwa picha.

Kokoliko
Mimi ruta ikisumbua naiweka kwenye friji robo saa. Inarudi na heshima.

Mama Wawili
Usimsikilize huyu mtu.

Yakhe wa Nungwi
Nyie mna mende, sie tuna chumvi. Mie nilikuwa nafunga antena za nje za kurusha mtandao, kutoka nyumba yenye nyaya kwenda nyumba za wageni kule ufukweni. Tukapata mbili za mtumba. Moja ilikuwa haipitishi kitu, nikachomoa waya, vile vipini vya shaba vyote vimeota kutu ya kijani. Hiyo ndogo, unakata kichwa unafunga kipya.

Ya pili ndiyo msiba. Haikuja na kile kiboksi kinachopitisha umeme ndani ya waya wa mtandao. Mie nikachukua kiboksi cha kamera za ulinzi kilichokuwa kimelala tu, nikachomeka. Antena ilikuwa ya volti 24. Kiboksi kilikuwa cha 48, tena cha aina ile isiyouliza kwanza, kinamwaga tu. Nikasikia pchaa, na harufu. Juu ya mnazi, yakhe. Nilishuka taratibu kama sikuona kitu, nikamwambia mwenye nyumba "haina signali".

Ngosha Halisi
Kumbe mafundi ndivyo mnavyofanya.

Fundi wa Tandika
Si wote.

Mkwe Mtiifu
Wakuu naomba mnisikilize, maana sijui nimwambie nani, na mke wangu ndiyo kabisa siwezi.

Jumamosi nimenunua ruta ya laini kwa kijana mmoja karibu na stendi, elfu 30, haina boksi. Nimefika nyumbani nimeweka laini, nimechomeka. Nataka kugeuza nisome neno la siri chini, nikaona simu tayari imeshika waifai. Yenyewe. Sijaandika herufi hata moja. Nikadhani ni ya jirani, lakini jirani yetu hana waifai, ana mbuzi. Nikasoma jina: CHAKULA KIKO TAYARI.

Jina hilo nalijua. Ni waifai ya nyumbani kwa baba mkwe, Kibaha. Aliliweka shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, kwa utani. Krismasi nilikuwa pale, simu yangu ikapewa neno la siri, ndiyo maana haikuuliza kitu.

Ruta hiyo iliibwa mwezi wa tatu, siku ya arobaini ya bibi. Nyumba ilijaa watu mpaka uani. Mwizi akatafutwa, hakupatikana, mwisho lawama zikamwangukia dada wa kazi. Aliondoka na mfuko wa rambo, bila mshahara wa mwezi huo. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale sebuleni nakunywa soda, sikusema neno.

Jana nimerudi kwa yule kijana. Kwa mbinde akasema aliletewa na dogo mmoja mrefu mwenye bodaboda nyekundu, kioo kimoja hakipo. Wakuu, hiyo bodaboda nusu ya pesa nilitoa mimi.

Kokoliko
Eeeeh! Nimeweka kambi.

Ngosha Halisi
Mende kando. Endelea mkuu.

Injinia Mtarajiwa
Samahani, kabla hatujamhukumu mtu. Simu haitambui kifaa, inatambua jina na neno la siri. Mtu mwingine anaweza kuwa na jina hilo hilo na neno la siri 12345678. Geuza ruta, kuna namba ndefu ya kifaa, na kwa kuwa ni ya laini ina IMEI kama simu. Linganisha na boksi lake kama mkwe alitunza.

Kijana wa Uyole
Injinia, nani mwingine Tanzania hii ataita waifai yake CHAKULA KIKO TAYARI?

Mkwe Mtiifu
Boksi lipo, mama mkwe anawekea dawa za presha. Nimemwomba mtoto mmoja pale nyumbani apige picha, nikamdanganya nataka kununua kama hiyo. Tarakimu kumi na tano za IMEI. Nimezifuata kwa kidole moja moja. Ndiyo yenyewe.

Kokoliko
Bonyeza riseti sekunde kumi, badilisha jina, maisha yaendelee. Mambo ya ukweni mkwe hayaingilii.

Fundi wa Tandika
Usiriseti! Humo ndani kuna orodha ya vifaa vilivyowahi kuunganishwa, na ujumbe wa laini ya zamani unaweza kuwa bado umehifadhiwa. Huo ni ushahidi.

Yakhe wa Nungwi
Ushahidi wa kumpeleka wapi, ndugu? Polisi watamkuta nayo yeye. Irudishe kwa mzee kimya kimya, sema umewanunulia zawadi.

Kijana wa Uyole
Zawadi yenye namba zinazofanana na boksi la dawa 😂

Ngosha Halisi
Ndiyo maana mimi kifaa cha laini cha mtumba silipi kabla sijatuma IMEI kwenda 15090, ile namba ya TCRA ya kuhakiki vifaa.

Injinia Mtarajiwa
15090 itakuambia ni kifaa cha aina gani. Haitakuambia ni cha mkwe wako.

Mama Wawili
Mnaongea ruta, ruta. Huyo dada wa kazi je? Kaondoka na jina la mwizi. Kesho akiomba kazi kwingine wanauliza kwa mama mkwe wako. Kama shemeji unamwogopa, angalau mshahara wake wa mwezi wa tatu mpelekee wewe, ulikuwepo.

Mkwe Mtiifu
Dada umenichoma, lakini ni kweli. Namba yake anayo mke wangu. Sijui nitaiombaje bila kuulizwa ya nini.

Kokoliko
Huo ugomvi tu unautafuta.

Mama Wawili
Wewe nenda kwenye friji lako.

Kobe wa Mbezi
Jamani pole kwa Mkwe Mtiifu, kwa kweli imenigusa, lakini uzi niliuanzisha mimi na ruta yangu bado inazima.

Mwana Likoni
😂😂 Samahani mwenye nyumba. Je, plagi ya adapta inacheza ukiitikisa? Kuna zenye tundu la milimita 2.1 na za 2.5, kwa macho zinafanana. Kubwa ikivaa pini ndogo inagusa na kuachia.

Kijana wa Uyole
Na kama unatumia pawabenki wakati wa kukatika umeme, kwa ule waya unaopandisha volti 5 kuwa 12, huo nao ni ugonjwa mwingine. Pawabenki ya volti 5 ampea 2 ni wati 10 tu, na njiani zinapotea kadhaa. Ruta ya wati 12 hapo inaomba msaada.

Kobe wa Mbezi
Haichezi, na ni umeme wa ukutani. Kesho naazima mita.

Kobe wa Mbezi
Nimerudi. Jirani ana mita na ana mikono mizuri. Adapta tupu inasoma 12.1. Tukafungua ruta, tukapima nyuma ya tundu ikiwa inafanya kazi: 11.4. Tukawasha TV na simu tatu kwa pamoja, namba zikaanza kuteremka mbele ya macho yetu, 10, 9, 7 na kitu, ikazima. Fundi ulikuwa sahihi. Nimenunua adapta ya ampea 2 kwa elfu 8, Injinia naye alikuwa sahihi, ipo baridi kabisa. Toka saa nne asubuhi mpaka sasa katuni hazijakatika.

Fundi wa Tandika
Tusubiri mwezi uishe ndiyo tuongee habari za ampea 2.

Kokoliko
Mkuu ile adapta mbovu umeitupa?

Kobe wa Mbezi
Hapana. Yule muuzaji wa Kariakoo leo kapokea simu. Kasema nimrudishie, atanipa elfu 2. Ana ruta nyingine pale haina adapta.