Tupeane uzoefu: unasihi unaomwachia mteja usukani

Mwanzisha mada
Wakuu, naomba tupeane uzoefu juu ya unasihi (ushauri nasaha) unaomfuata mteja. Vyuoni somo hili huanzia kwa mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani, aliyetaja mwaka 1957 masharti sita ya mtu kubadilika. Yanayokumbukwa zaidi ni matatu: mnasihi awe mkweli, amkubali mteja bila masharti, na aione hali kama mteja mwenyewe anavyoiona. Lakini mtu ameshakaa mbele yako na dakika zake 50 zimeanza kukatika, unafanya nini? Tuandike maneno yenyewe yanayotamkwa, na pale mambo yanapoharibika. Habari za wateja tusizilete, hata kwa kuficha majina, maana mtu anaweza kujitambua.

#2
Naanza na kikao cha kwanza, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Dakika kama 10 za mwanzo ni za makubaliano: siri na mipaka yake, muda, malipo kama yapo, na namna ya kuahirisha. Kisha mfungulie: "Ungependa tuanzie wapi leo?" Halafu nyamaza. Ukiuliza "Tatizo lako nini?" umeshamwamulia kwamba tatizo ni moja na analijua jina lake.

Akishatua mzigo, tafuteni pamoja anataka kufika wapi, kazi gani ya vikaoni itamfikisha, na kwa njia ipi. Mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mnasihi na mteja husimama juu ya malengo, kazi, na mafungamano ya wawili hao. Kwenye kazi ndipo wengi hukwama. Watu wawili wanaweza kusema "nataka nipate usingizi". Mmoja anahitaji kusimulia msiba wake mwanzo hadi mwisho, mwingine anataka ratiba ya kulala basi. Huyu wa pili ukianza kumchimba utoto wake, kikao cha tatu humwoni.

Njia zitaje kwa lugha ya kawaida, mbili au tatu tu: "Tunaweza kuyachambua mawazo yanayokujia usiku, au kufuatilia yalikoanzia, au tuusikilize kwanza uchungu wenyewe. Ipi unaiona inakufaa?" Orodha ndefu humwelemea mtu aliyekuja akiwa amechoka. Na jibu la leo si la kudumu. Liulize tena kila baada ya vikao vitatu au vinne.

#3
Niongeze kuhusu kupima. Watu wengi huona haya kumwambia mnasihi usoni kwamba kikao hakikuwafaa. Wanasaikolojia Scott Miller na Barry Duncan walitengeneza fomu mbili fupi zinazosaidia hapo. Ya mwanzo wa kikao huuliza hali ya mtu: nafsi yake, mahusiano ya karibu, maisha yake na watu wengine, na hali kwa jumla. Ya mwisho huuliza kama alisikilizwa, kama mlizungumza aliyoyataka, kama njia ilimfaa, na kikao kizima kilikuwaje. Kila fomu ina mistari minne ya sentimita 10. Mteja anatia alama, wewe unapima kwa rula, jumla ni 40. Ile ya mwisho ikiwa chini ya 36, muulize papo hapo.

Kosa la kwanza ni kuiweka fomu kwenye faili bila kuizungumzia. La pili ni kujitetea. Ukijitetea mara moja, hatakwambia ukweli tena. Akijaza 40 kila wiki, nalo ni la kuangalia, huenda bado hajajisikia huru kukukosoa. Uliza hivi: "Kitu gani, hata kidogo sana, tukifanye tofauti wiki ijayo?" Tenga dakika 5 kwa hilo, kabla hajaanza kukusanya vitu vyake.

#4
Na mteja akisema, "Wewe ndiye mtaalamu, niambie cha kufanya"?

#5
Hilo nalo ni ombi lake, tuliheshimu. Kumrudishia kila mara "Wewe unaonaje?" ni kumwacha peke yake. Wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick wanafundisha hatua tatu: uliza anachokijua na uombe ruhusa, mpe jambo moja fupi, kisha uliza amelipokeaje. Hotuba ya dakika 10 inaharibu yote.

Kipimo cha 0 hadi 10 pia kinafaa: "Una uhakika kiasi gani kwamba utaweza?" Akisema 4, uliza kwa nini 4 na si 2. Hapo atataja nguvu alizonazo. Ukiuliza kwa nini si 8, atakupangia sababu za kushindwa.

#6
Mteja akitaka kukwepa jambo linalomtisha, tusimfuate kimyakimya. Hofu hulishwa na kukwepa: kila anapokwepa anapata nafuu ya muda, na hofu inazidi kukomaa. Mweleze hivyo waziwazi, kisha ngazi aipange mwenyewe, kuanzia linalomtisha kidogo hadi linalomtisha zaidi, na aamue aanzie wapi. Asipande ngazi inayofuata kabla ile ya chini haijapoa.

#7
Usukani kuwa kwa mteja hakumaanishi mnasihi ashuke garini. Ukihisi hatari, uliza bila kuzunguka: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikubali, uliza kama ana mpango, kama ana kitu cha kutumia, na amekusudia lini. Kisha andikeni mpango wa usalama: dalili zinazomjulisha kwamba hali inachafuka, anachoweza kufanya akiwa peke yake, watu na mahali pa kumwondolea mawazo, ndugu au rafiki wa kumwomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na namna ya kuviweka mbali vitu vya hatari. Akiwa na mpango na nia ya karibuni, karatasi haitoshi: asiachwe peke yake, apelekwe kwenye huduma ya dharura. Ndiyo maana mipaka ya siri hutajwa siku ya kwanza.

Mpango wenyewe uandikwe kwa maneno yake. Akisema "kichwa kinapoanza kuvuma", andika hivyo hivyo, usigeuze kuwa "dalili za sonona". Usiku wa manane akiufungua, atajua mstari huo unamhusu.