Tupeane uzoefu: albamu ya hip hop iliyowahi kukugombanisha na mtu

Mgosi wa Chuda
Wadau habari za jioni. Naandika hii kifua bado kinawaka maana jana sikulala vizuri. Ile albamu ya Kendrick Lamar, yule rapa wa Marekani, GNX, si imeshushwa tu ijumaa tarehe 22 Novemba 2024, bila tangazo bila nini, watu tumeamka tumeikuta. Nyimbo 12, dakika 44 hivi. Sisi hapa Tanga, pale kijiweni barabara ya 12 tumeipiga kwenye kispika toka magharibi, ikiisha tunairudia, na mabishano yakaanza hapo hapo. Mmoja anasema hamna kitu, jamaa bado ana hasira za bifu lake na rapa mwenzake Drake, albamu kaipa jina la gari Buick GNX ya 1987, mwaka aliozaliwa, basi albamu nzima kutamba tu. Mimi nikasema hapana, nenda wimbo wa sita usikilize mpaka mwisho. Mle kuna maisha matatu, kuna mpiga gitaa mwenye kipaji kikubwa akaharibu kwa kujipenda, kuna mwanamke mwimbaji kaondoka duniani kwa unga wa kulevya, halafu yeye mwenyewe anasimama mbele ya Baba Mungu anaulizwa hiki kipaji umekifanyia nini. Mtu wa kutamba tu haandiki vile. Dogo mmoja anasoma chuo akaingia kati na kiingereza chake, tukawa tunapandishiana sauti mpaka wapita njia wanasimama.

Sasa mzee wetu wa kahawa, ambae kila siku tunasikiliza nae, akaweka dele chini akasema "mimi huyu mama anaeimba pale mwanzo ndio kanishika, huyu mama ana msiba". Dogo akamjibu, mzee wewe kiingereza hujui, hii albamu haikuhusu. Watu wakacheka. Mzee hakujibu kitu, kanyanyua dele lake kaondoka, vikombe viwili kaviacha kwenye benchi. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaniuma.

Nani kashawahi kugombana na mtu wake kwa ajili ya albamu? Mlimalizaje?

Bint Raskazone
Huyo dogo hana adabu kabisa, mzee wa watu amekosa nini.

Zamani Mgandini
Kaka umenigusa penyewe. Mimi yangu ni DAMN. ya huyo huyo Kendrick, 2017, na sijawahi kuisimulia.

Nilikuwa na kibanda Ngamiani, sio mbali na soko la Mgandini, kompyuta moja na feni, kazi kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi. DAMN. ikatoka tarehe 14 Aprili, siku ya Ijumaa Kuu. Wimbo wa kwanza tu jamaa anapigwa risasi. Basi mtandaoni mashabiki dunia nzima wakaanza kusema jamaa kafa ijumaa, jumapili ya Pasaka anafufuka, kuna albamu ya pili inakuja, na jumapili hiyo hiyo alikuwa anapanda jukwaani kwenye tamasha la Coachella kule California. Kila mtu ana ushahidi wake, mara ukuta wa kwenye kava, mara rangi nyekundu. Mimi muislamu, Pasaka inanihusu nini, lakini niliamini wallahi. Nikachukua boksi nikaandika kwa makapeni ALBAMU YA PILI JUMAPILI LIPIA MAPEMA, buku moja. Walilipa watu 31. Daftari lile ninalo mpaka leo.

Usiku wa jumapili sikufunga macho. Nina modemu, nina bando, narifreshi mpaka adhana ya alfajiri. Hakuna kitu. Nikajipa moyo kwamba Marekani bado jumapili. Ikaja saa nne, ikaja adhuhuri, na watu wangu nao hao wanakuja mmoja mmoja na kadi zao mkononi. Hela nishanunulia bando na nyingine nishakula. Mpaka alasiri wako kama kumi na tano mlangoni na kila ninavyoeleza ile habari ya kufufuka ndio wanazidi kupanda. Mmoja akaingia ndani akashika mashine akaivuta na nyaya zake, skrini ikaja nyuma yake ikaanguka chini, ukawa mwisho wa kibanda. Na aliyevuta sio mtu baki, tumesoma madrasa moja, nimekula kwao mimi. Aliniambia neno moja tu, "umetuuzia kitu hujakielewa".

Miezi minane hatujasalimiana. Desemba ikatoka toleo jingine la DAMN., nyimbo zile zile 14 ila zimepangwa kinyume, wa mwisho umekuwa wa kwanza. Nikakaa kwa dada yangu Makorora nikaisikiliza hivyo na mwili ukanisisimka. Mwanzo risasi inafungua albamu, sasa hivi risasi ndio inafunga. Hadithi imekuwa nyingine kabisa na hakuna neno lililobadilishwa! Kumbe ile ya pili tulikuwa nayo toka siku ya kwanza, kwenye kadi za wale wote waliokuja kunivunjia. Nikaichukua kwenye flashi nikaenda mpaka kwao usiku. Akafungua mlango akaniangalia akasema, na buku yangu? Nikampa. Ndio tukaingia ndani tukasikiliza.

Tumbaku Mwanzange
Duh. 31.

Pweza Mkavu
Pole kwa mashine lakini tuseme ukweli, wewe ulikuwa unauza kazi ya mtu, tena ambayo hata haipo. Nyie wa vibanda ndio mliowaua wasanii wetu hapa, mtu anarekodi kwa hela ya kukopa, wiki haijaisha nyimbo zake ziko kwenye kila kadi Tanga nzima na yeye hajapata hata mia.

Zamani Mgandini
Na wewe kipindi hicho nyimbo ulikuwa unanunua wapi? Sema hapa.

Pweza Mkavu
Nilikuwa nanunua CD.

Zamani Mgandini
CD za kuchoma za stendi hizo, buku jero nyimbo hamsini!! Usinipande kichwani.

Pweza Mkavu
Mimi nimekwambia la haki, hasira zako kaa nazo.

Bint Raskazone
Jamani nyote mlisikiliza vya wizi, na mimi nikiwemo. Tuendelee na mada.

Dada wa Mabanda ya Papa
Kwenye DAMN. hiyo hiyo kuna wimbo wa mwisho ambao mimi siwezi kuumaliza mbele za watu. Anasimulia baba yake alikuwa anafanya kazi dukani kwa kuku wa KFC, akaja mtu wa mtaani mwenye nia ya kuvamia pale, baba akawa anampa kuku wa bure na biskuti za nyongeza ili amzoee, na kweli siku ya siku hakumgusa. Yule mtu ndio Top Dawg, ambae miaka mingi baadae akiwa na lebo yake ya muziki alikuja kumsaini Kendrick bila kujua ni mtoto wa nani. Ni kisa cha kweli hicho.

Mama yangu alikuwa anauza pweza na mihogo jioni, na kulikuwa na kijana mmoja mtaa mzima unamuogopa. Mama alikuwa kila siku anamwekea kipande cha mkia wa pweza kwenye gazeti, supu juu, hachukui hela. Mimi nilikuwa nachukia! Nilikuwa namwambia mama unalisha mwizi. Usiku mmoja tunarudi na beseni na ndoo, wakatutokea watatu kwenye giza la uchochoro, na yeye yumo. Akasema "huyu ni mama", basi, wakatupisha. Mama alinyamaza njia nzima, amefika nyumbani ndio akakaa chini mlangoni na beseni mapajani.

Mume wangu nilipomwambia ule wimbo ni mzito akasema mnakuza mambo, hip hop tu hiyo. Siku tatu sikumpikia.

Mgosi wa Chuda
Dada, mama yupo?

Dada wa Mabanda ya Papa
Yupo, ameshaacha biashara, miguu.

Baba Wawili
Mimi wa zamani kidogo, sasa niko Muheza. Nyie mnabishania ya Marekani, sisi ugomvi tuliletewa na watoto wa nyumbani. Wagosi wa Kaya walivyotoka, wale marapa wawili Mkoloni na Dr. John, Tanga ilikuwa kama tumeshinda kombe, lafudhi yetu ile ile iko redioni, nani alikuwa anatuimba sisi? Sasa kuna ule wimbo wao wa kuwasema wauguzi. Mimi naishi kwa shangazi na shangazi ni nesi. Nimeweka kaseti nimepandisha sauti mpaka mwisho, yeye ndio anaingia kutoka zamu ya usiku na viatu vyeupe mkononi. Alisimama akausikiliza wote. Akabonyeza redio, akatoa kaseti, akaanza kuvuta utepe taratibu mpaka ukaisha, ukajaa sakafuni kama tambi. Kisha akaniuliza, "wamesema jana tulikuwa wawili kwa wodi nzima?" Nilikasirika, kaseti niliinunua kwa hela ya kubeba machungwa. Nikamwambia shangazi wanasema ukweli, watu wanatukanwa kule. Akasema ndio wanatukanwa, na mimi nimetukana mtu leo saa tisa usiku, kaniuliza mara ya sita dripu ya mwanae.

Kaingia kulala. Sijawahi kuamua nani alikuwa na haki pale, na mpaka leo nikiusikia ule wimbo nawaona wote, mgonjwa na shangazi yangu na vile viatu.

Tumbaku Mwanzange
Hii ya shangazi imeniua. Rapa mzuri ndio huyo sasa, anakugombanisha na watu wa ndani.

Pweza Mkavu
Hapo nakubali. Na kaseti ilikuwa orijino hiyo.

Bint Raskazone
Mgosi ushauri wangu, kila albamu mpya ikitoka watu wapigwe marufuku kuongea siku tatu, sikiliza kwanza. Wengi wanabishana wamefika wimbo wa nne.

Tumbaku Mwanzange
Siku tatu nyingi, kijiwe kitakufa. Mtafute mzee kabla hajahamia kijiwe kingine, mfanye awe anatafsiriwa kila mstari.

Zamani Mgandini
Usimtafsirie bwana, ukishatafsiri unamlisha ya kwako. Mpe spika tu.

Baba Wawili
Kwanza mrudishieni vikombe vyake.

Mgosi wa Chuda
Nimerudi wadau. Leo baada ya swala ya alasiri nimevibeba vile vikombe viwili nimevisuuza nimemfuata mpaka anapokoroga kashata zake. Nikamwambia mzee wangu nisamehe juzi nilicheka. Akasema yameisha, kaa. Akanimiminia. Halafu akasema hebu weka yule mama.

Nikaweka mwanzo pale, simu nimeishika katikati yetu. Akainamisha kichwa. Akaniuliza, anasema nini? Wadau, nikakosa jibu. Yule mama haimbi kiingereza, ni Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, anaimba kihispania. Mimi sijui kihispania, dogo wa chuo hajui, kijiwe kizima hakuna anaejua, na tulikuwa tunaruka hapo kwenda kwenye biti.

Jioni hii nimemuuliza jamaa yangu mmoja anaekijua hicho kihispania. Kaniandikia kwamba yule mama anasema amehisi mtu yuko pale usiku wa jana, na wanaanza kulia.

Mzee alisema ana msiba.

Kesho alfajiri nampelekea habari. Dogo nimempigia nimemwambia na yeye aje, kasema ataangalia.