Tupeane uzoefu: umeapugredi OS (mfumo endeshi) ya seva, kesho yake kila kitu kinatambaa

Mlinzi wa Usiku
Wakuu heshima kwenu. Naanza mimi maana wiki hii nimekoma. Tuna seva moja inabeba mfumo wa shule, ada, matokeo, kila kitu, ilikuwa Ubuntu 18.04 (aina ya Linux) na bosi kasema ihame. Ijumaa usiku nikapanda 20.04 kisha 22.04 (huwezi kuruka moja kwa moja, lazima upitie katikati), saa nane usiku nimemaliza, nikafungua mfumo kwenye simu ukafunguka chap, nikalala kama mtoto.

Jumatatu saa mbili asubuhi wahasibu wameingia ofisini, simu zikaanza. Ukurasa wa ada unazunguka sekunde arobaini. Nafungua top (inayoonyesha mzigo wa seva), prosesa iko asilimia sita, rami nusu nzima iko wazi, diski imetulia. Yani seva imejilaza halafu nje watu wamepanga foleni. Siku mbili nalaumu kerneli (kiini cha OS), nikalaumu na watu wa intaneti, nikabadilisha hadi waya. Jumanne usiku ndo nikakumbuka kusoma logi ya php-fpm (inayohudumia kurasa za PHP, lugha ya mfumo wetu), imejaa mstari ule ule kwamba pm.max_children (idadi ya juu ya wahudumu wa kurasa) imefika 5. Tano!

Kumbe 22.04 imekuja na PHP 8.1 na folda yake mpya /etc/php/8.1, mipangilio yangu ya miaka minne imebaki kule /etc/php/7.2 haisomwi na mtu, na hii mpya inaanza na wahudumu watano tu. Watu sitini, kaunta tano. Kila mhudumu kwangu anakula kama MB 60 na rami ni GB 8, nikaweka 40, restati, mambo yakawa mepesi. Usiku ule nilipojaribu nilikuwa peke yangu, ningeonaje foleni.

Haya leteni za kwenu.

Binti Terminali
Pole kaka. Mimi ilikuwa MySQL (databesi), duka la mtandaoni, 18.04 kwenda 20.04. Ile ya zamani ilikuwa na 5.7 na nilikuwa nimeiwashia query cache (inayokumbuka majibu ya databesi) mwenyewe. Baada ya kupanda MySQL 8.0 ikagoma kabisa kuwaka, logi inalalamika haiijui query_cache_size, nikafuta ule mstari ikawaka nikashukuru Mungu. Sikujiuliza kwa nini haiijui 😂 Kwenye 8.0 walishaitoa query cache yote.

Kufika mchana ukurasa wa mbele unachukua sekunde kumi na kitu. Nikapiga EXPLAIN (amri inayoonyesha databesi inavyotafuta), type inasema ALL, inasoma jedwali zima la bidhaa kila mteja akifungua. Miaka yote kumbe hatukuwa na indeksi (orodha ya kutafutia haraka) pale, kechi ilikuwa inatufichia aibu. Nikaongeza indeksi moja, ikawa na spidi kuliko hata mwanzo. Kwa hiyo mimi OS siilaumu, niliumbuliwa tu.

Mzee wa Rack
Nitaongea kifupi. Ukiona kitu kinachelewa sekunde tano kamili, si nne si sita, acha kugusa databesi, kaangalie DNS (inayogeuza majina ya seva kuwa anwani). Mfumo ukimuuliza DNS seva aliyekufa unamsubiri sekunde tano ndo unahamia wa pili. Kwangu apugredi iliandika upya resolv.conf (faili la anwani za DNS) ikarudisha anwani ya mashine tuliyoizima zamani.

Kontena Boy
Java 8 kwenye kontena (boksi la programu ndani ya seva). Hosti ikapanda 22.04, ambayo inatumia cgroup v2 (inayowekea kontena mipaka ya rami), na ile Java ya kizamani haiijui. Kontena limepewa GB 2 yenyewe inaona GB 64 za hosti, ikajipangia hipu (rami ya Java) robo yake, GB 16. Kerneli inaiua, inawaka upya, inauliwa tena, watumiaji wanasema "mfumo mzito" kumbe unakufa kila dakika chache. Nikaweka -Xmx (kikomo cha hipu) kwa mkono, baadaye nikapandisha hadi 8u372 inayoielewa cgroup v2.

Mkata Kona
Mnajichosha. Weka mitigations=off kwenye kerneli, zile dawa za Meltdown na Spectre (matundu ya usalama ya prosesa) za 2018 ndo zinakula prosesa za zamani. Mi nimeweka na kitu kinapaa.

Mzee wa Rack
@Mkata Kona kijana, seva yako inakaa na programu za wateja wengine humo humo halafu unafungua mlango? Kwa mashine ya maabara sawa. Ya ada za watoto hapana. Na umepima kabla na baada au umeskia tu inapaa?

Mkata Kona
Sijapima mzee 😅

Dada wa Postgres
Ya kwangu iko tofauti kidogo. Databesi ya Postgres, Debian (Linux nyingine) 9 kwenda 10, mwanzo kwery (maswali kwa databesi) nzito, nikaendesha ANALYZE (inayokusanya upya takwimu za majedwali) ikatulia, nikadhani nimemaliza. Wiki ya pili watu wa dirishani wanasema kuna wanachama "wamepotea", ukitafuta jina halipo, ukiscroll orodha unamwona huyu hapa. Na waliopotea karibu wote ni kina Ng', yani majina yenye ile alama ya juu.

Sababu ni glibc (maktaba ya msingi ya Linux). Kuanzia 2.28 walibadilisha mpangilio wa herufi, zamani alama kama ' na - zilikuwa kama zinarukwa kwenye kupanga, sasa zinahesabika. Indeksi imepangwa kwa utaratibu wa zamani, Postgres inatafuta kwa utaratibu mpya, inaenda ukurasa ambao sio, inarudi mikono mitupu. REINDEX (kujenga indeksi upya) ndo dawa. Kama locale (mpangilio wa lugha) yako ni C haikuhusu, ila en_US inakuhusu sana.

Mlinzi wa Usiku
Dada subiri kwanza. 18.04 ni glibc 2.27, 22.04 ni 2.35. Si nimevuka hapo? Na databesi yangu ni ile ile Postgres 10, sijaigusa.

Dada wa Postgres
Umevuka kaka. Washa amcheck (ya kukagua indeksi), piga bt_index_check kwenye indeksi ya majina.

Mlinzi wa Usiku
Imelia, indeksi imeharibika. Nimeangalia na orodha, kuna mtoto wa kina Ng' kaandikishwa mara mbili tangu Jumatatu, sekretari alitafuta hakumwona akamwingiza upya, na ada ya muhula imelipwa kwenye jina la pili. Naenda kupiga REINDEX, simu ya mhasibu nitapokea kesho.