Msaada: fundi wa simu za ofisini anataka niongeze VPN, ni lazima?

Dagaa Mkavu: Wakuu, nina ofisi ndogo Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni, na stoo Nansio, Ukerewe. Tumefunga simu za mezani zinazopita kwenye intaneti. Fundi kaniachia karatasi imejaa SIP, PBX, RTP, na sasa anataka laki nne nyingine ya VPN. Ni lazima kweli, au ananipiga?

Fundi Waya: PBX ndiyo inayounganisha: simu namba 101 ya Kirumba ikiita namba 102 ya Nansio, inapitia kwake. SIP inabisha hodi na kukata. Sauti yenyewe inabebwa na RTP. Vyote vikipita wazi, aliyejipenyeza njiani anasikiliza. Ndiyo maana SIP huwekewa TLS, yaani kufuli la siri, ikapita poti (mlango wa mtandao) 5061 badala ya 5060, na RTP ikawa SRTP, sauti iliyofichwa. VPN ni bomba la siri kati ya ofisi na stoo. PBX yako iko wazi kwenye intaneti? Kuna kilichotokea?

Mama Igogo: Mume wangu alinichumbia kwa simu ya posta, foleni nzima inasikia. Siri gani tena mnayotafuta?

Dagaa Mkavu: Hakijatokea kitu sana.

Fundi Waya: "Sana" ndiyo nini?

Dagaa Mkavu: Haya. Jumapili usiku salio la laini, laki tatu na ushee, liliisha lote. Simu kuanzia saa 8 usiku, nchi nyingine hata sizijui, na ofisi ina kufuli. Zote zimetoka 101. Nywila ya 101 ilikuwa 101. Msinicheke, vijana wangu wanasahau. Na fundi ni shemeji yangu, nusu ya hela ya VPN ameshachukua.

Sangara: Umeshalipa halafu unaomba ushauri. Mwanza ina watu.

Fundi Waya: Wezi wana programu inayozunguka intaneti ikigonga 5060 na kujaribu namba 100 kwa nywila 100, 101 kwa 101. Wakiingia wanapiga namba ghali za nje ambazo wana mgao wao humo. Usiku, kwa sababu hakuna wa kuona. VPN itaitoa PBX barabarani, shemeji hajakosea. Ila usimsubiri: leo weka nywila ndefu, funga simu za nje.

Mtu wa Igoma: Hii chai. Muuza dagaa na PBX wapi na wapi? Shemeji mwenyewe ndiye kaleta uzi, anatafuta wateja. Kama uko mwaloni kweli, dagaa wabichi leo bei gani?

Dagaa Mkavu: Wabichi wa wapi na mbalamwezi hii? Mitumbwi imelala. Ningepata wapi muda wa kusoma makaratasi ya shemeji?

Mtu wa Igoma: Yaishe mkuu. Wa mwaloni huyu.

Dagaa Mkavu: Fundi, nimebadilisha nywila zote. Sasa Nansio hawapatikani.

Fundi Waya: Mpya umeiingiza kwenye simu ya kule?

Dagaa Mkavu: Bado. Nimeiandika kwenye karatasi, kesho naituma na mtu wa boti.