Tupeane uzoefu: dada yetu mpanda farasi ametutoka, kila mmoja aseme anachomkumbukia

Mleta uzi

Wadau, salaam, na poleni sana. Wengi mmeshapata habari. Dada yetu, yule wa farasi jike wa kijivu, hatunaye tena. Kwa wanaouliza chini chini: hakuangushwa na farasi. Aliugua miezi mingi. Wiki chache kabla ya kulazwa mara ya mwisho bado alikuwa akija zizini, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamchana singa za shingoni yule farasi wake taratibu, akichoka anapumzika, kisha anaendelea.

Nimefungua uzi huu kwa sababu moja. Tulipokwenda kumpa pole mama yake, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu huko kwa farasi alikuwa nani?" Mama hakuwahi kumwona binti yake akipanda. Aliogopa. Miaka yote alisubiri simu ya jioni tu ya kuambiwa, "Mama, nimeshuka salama." Nilijaribu kumjibu, nikaambulia kusema alikuwa mzuri sana. Nimerudi nyumbani na jibu hilo linanikera mpaka leo.

Basi kila mwenye kisa chake akiandike hapa. Nitavichapa vyote nikamsomee. Tafadhali andikeni ili mtu asiyejua farasi aelewe.

Naanza mimi. Mama, mwanao alikuwa mpanda wa ridhaa. Maana yake hakulipwa kupanda wala kufundisha. Ukishapokea malipo unahamia kundi la wanaoishi kwa kazi hiyo, na madaraja ya ridhaa yanafungwa kwako. Watu walimfuata wakitaka awafunze watoto wao kwa malipo, akakataa malipo, watoto akawafunza. Kutwa alikuwa kazini kama mtu mwingine yeyote. Farasi aliwapata alfajiri na usiku.

Yule wa kijivu alimchukua wakati hakuna aliyemtaka. Alikuwa anagoma. Katika kuruka viunzi, kila mti unaodondoka ni alama 4 za makosa, na farasi akigoma mbele ya kiunzi ni 4 nyingine. Akizidi kugoma, mnatolewa. Mashindano yao ya kwanza walitolewa kwenye kiunzi cha tatu. Nilikuwa langoni. Alitoka uwanjani anamkuna shingo kana kwamba wameshinda. Kesho yake aliilaza miti chini ardhini, akawa anampitisha juu yake kwa hatua za kutembea. Alifanya hivyo karibu mwaka mzima bila kuruka kitu.

Na hiki ndicho ninachotaka mama akijue zaidi. Kila alipomaliza kiunzi cha mwisho, kabla ya kutazama ubao wa matokeo, alilegeza hatamu mpaka mwisho, akamwacha mnyama ashushe kichwa, kisha akamkuna pale shingo inapokutana na mgongo. Farasi wenyewe hukunana hapo hapo wanapopendana, na watafiti waliopima walikuta mapigo ya moyo ya farasi hushuka akikunwa sehemu hiyo. Yeye hakuhitaji kusoma utafiti. Sikumwona hata mara moja akitazama ubao kwanza.

Saisi wa usiku

Mimi si mtu wa kuandika, lakini hili lazima lisemwe.

Farasi hawezi kutapika. Ndiyo sababu tumbo likimsokota tunaogopa kuliko jeraha lolote, kwa kuwa kilichoingia hakina njia ya kurudi. Usiku mmoja farasi wa mtu mwingine alianza kujitazama ubavuni, kukwaruza chini kwa kwato, kulala na kuinuka. Mwenyewe alikuwa safarini na simu haipatikani. Nikampigia dada. Akaja na nguo za kulalia chini ya koti.

Daktari wa mifugo alikuja, akampitisha mpira puani hadi tumboni, akampa dawa, akasema kazi iliyobaki ni kumwangalia. Tukapokezana mpaka kulikucha. Dada alikuwa akiweka sikio ubavuni anasikiliza tumbo. Saa nane za usiku hakusikia kitu. Saa tisa, kimya. Karibu na alfajiri aliniita, "Njoo usikie." Lilikuwa linanguruma kama maji kwenye bomba bovu. Akalia.

Asubuhi hiyo alikuwa na mashindano aliyojiandalia msimu mzima. Tandiko lilikuwa limepakwa mafuta, singa za yule wa kijivu zimesukwa tangu jioni. Alizifumua moja moja. Alisema mtu asiyelala hana haki ya kumwomba farasi aruke. Mwenye farasi aliporudi tulimwambia tu kwamba mnyama alisumbuliwa kidogo na tumbo, kwa sababu dada alinikataza kueleza zaidi. Naeleza leo.

Miguu mizito

Mimi alinipandisha kwenye farasi baada ya madaktari kunieleza kwamba miguu yangu haitarudi kama zamani. Nilimwambia farasi anaongozwa kwa miguu, mimi sina ya kumwongozea. Hakubishana. Alinisimulia habari za Lis Hartel, mwanamke wa Denmark aliyepooza kwa polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, na miguu yake kuanzia magoti kushuka haikurudi kuwa na nguvu. Mwaka 1952, Olimpiki ya Helsinki, ndipo wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika dresaji, yaani ule mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua na michoro ambapo jaji hutoa alama 0 hadi 10 kwa kila kitendo. Hartel alisaidiwa kupanda, alisaidiwa kushuka, akaondoka na medali ya fedha. Akaipata tena mwaka 1956. "Aliongoza kwa mgongo na uzito wa mwili," dada aliniambia, "na mgongo unao."

Miezi mingi alitembea ubavuni mwangu ameshika kamba, mimi nikijifunza kugeuza farasi kwa kuhamisha uzito wa mfupa mmoja wa kukalia kwenda mwingine. Siku farasi alipogeuka kushoto bila mimi kugusa hatamu, nilimtafuta dada nimwambie. Kumbe kamba alishaiachia zamani, amesimama katikati ya uwanja.

Mama, nikipanda hata leo naisikia nafasi ile aliyokuwa akitembea.

Nilinuna

Nimesita kuandika kwa sababu kisa changu si cha sifa, ila mleta uzi amesema kila mwenye kisa chake akiandike.

Mimi nilikuwa mshindani wake, daraja lile lile. Siku moja farasi wangu aligoma mara mbili, nikatoka nimeaibika, nikampiga kiboko pale nje ya lango. Dada alinifuata akashika hatamu mbele ya watu. Hakupaza sauti. Alisema, "Kilichomtisha ameshakisahau. Sasa anajifunza kwamba nje ya lango kuna wewe." Nilinuna. Nilikaa karibu mwaka bila kumsalimia, na nilisema maneno nyuma yake ambayo leo yananiuma.

Yeye hakuacha kunisalimia hata siku moja. Halafu siku nyingine ukanda wa tumbo wa tandiko langu ulikatika dakika chache kabla ya zamu yangu. Alikuwa ameshamaliza yeye, anaongoza, na mimi ndiye pekee niliyebaki wa kumshusha. Alivua wa kwake akanifungia kwa mikono yake, akakagua mara mbili. Nilimshinda siku hiyo. Utepe ule sijawahi kuutundika, upo kwenye sanduku la vifaa vyake, niliuweka mwenyewe alipolazwa. Kiboko nilishaacha kubeba.

Mchelewaji

Nilimuuliza kama nimezeeka mno kuanza. Akanitajia Hiroshi Hoketsu wa Japani, aliyeshiriki Olimpiki ya 1964, akarudi kwenye ya 2008, na 2012 kule London alipanda akiwa na miaka 71. Nilianza wiki iliyofuata. Ni hayo tu, poleni wote.

Kofia ngumu

Binti yangu alikuwa mmoja wa wale watoto aliowafunza bure. Alianguka siku moja, hakuumia, akainuka anacheka. Dada alimkagua, kisha akaichukua ile kofia ngumu na kuikata ukanda kwa kisu pale pale. Nilikasirika, ilikuwa bado mpya. Akanieleza kwamba povu la ndani likishabonyea kwa kishindo halirudi, hata kama nje haionyeshi ufa, na kofia ikiwa nzima kwa macho mtu ataivaa tena. Kesho yake akatuletea nyingine. Mtoto anaivaa hadi sasa, anakataa kuamini kwamba mwenyewe hatakuja kumfunga ukanda.

Nina pendekezo pia. Kuna mazishi ambayo farasi huongozwa bila mpandaji, buti zimegeuzwa nyuma kwenye vikuku vya tandiko, kama alivyoongozwa Black Jack katika mazishi ya Rais Kennedy mwaka 1963. Je, tumfanyie hivyo yule wa kijivu? Na hali yake ikoje? Nimesikia hataki kula.

Saisi wa usiku

Anakula. Siku za mwanzo alikuwa anapunguza, sasa anamaliza. Jioni, ile saa ya dada kufika, huinua kichwa na kuelekeza masikio langoni, anakaa hivyo kitambo, halafu anarudi kwenye nyasi zake. Farasi hushika saa za watu wake. Siwezi kumsemea zaidi ya hapo.

Mleta uzi

Kuhusu buti, nashukuru kwa wazo, na nililifikisha kwa mama. Alikaa kimya, kisha akasema angependa kwanza kumwona huyo farasi.

Nilimsomea visa vyote jana, kimoja baada ya kingine. Kile cha tumbo aliniomba nikirudie. Kile cha ukanda wa tandiko alicheka, akasema ndivyo alivyokuwa hata na ndugu zake. Asubuhi hii tumempeleka zizini, na ni mara yake ya kwanza kuingia humo. Alishangaa kumkuta farasi ni mweupe kabisa, kwa kuwa katika picha ya zamani aliyotumiwa na binti yake ni mweusi unaoelekea moshi. Nikamweleza kwamba farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nzito na kupauka mwaka hadi mwaka. "Kumbe wamekaa muda mrefu hivyo," akasema.

Nilimwonyesha asije moja kwa moja mbele ya paji la uso, maana hapo farasi haoni, ila apitie upande wa bega ajitokeze mapema. Alisogea kidogo kidogo, mkono unamtetemeka. Yule farasi akamnusa mtandio, begani, kiganjani, tena kiganjani. Mama akaweka mkono shingoni na kuanza kukuna.

"Hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia ashuke kidogo, karibu na mgongo. Akashusha mkono. Farasi akateremsha kichwa mpaka pua ikagusa majani.