Karate, taekwondo au judo kwa mtoto? Nisaidieni kabla sijalipia

MamaZawadi
Wanajamvi, habari za jioni. Nataka mwanangu akajifunze kujilinda. Karibu na kwetu kuna karate na taekwondo, judo iko mbali kidogo. Mwisho wa kulipia ni Jumamosi na moyo hautulii. Naogopa ataumia, na naogopa zaidi asije akawa mbabe wa kupiga wenzake. Mlio na watoto huko, ipi afadhali?

Mkwajuni
Mama, hujasema umri, wa kike au wa kiume, uko wapi, wala ada ni kiasi gani. Tukushaurije?

BabaTatu
Judo. Mwanzoni mtoto hafundishwi kumwangusha mtu, anafundishwa kuanguka yeye: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, kisogo hakigusi chini. Wangu alirushwa na baiskeli, akajiviringisha, akainuka na mchubuko wa kiwiko tu. Hakuna ngumi wala teke. Na si mchezo mgeni kwetu, Andrew Mlugu katuwakilisha Olimpiki ya Paris 2024.

Chui_wa_Moshi
Judo nayo ina majeraha ya mabega na vidole, tusifichane. Taekwondo mtoto anavaa kofia, kinga ya kifua na ya ugoko. Halafu akiwa na kipaji ana pa kwenda, imo Olimpiki tangu 2000. Karate iliingizwa Tokyo, Paris ikaachwa.

Mkwajuni
@Chui kofia haizuii ubongo kutikisika. Na teke la kichwani lina pointi 3, la kiwiliwili 2, kwa hiyo mtoto atalitafuta tu. Mama, muulize mwalimu wanaanza umri gani kupigana kichwani.

Bint_Pangani
Nisikilizeni mimi. Nilimpeleka wangu wa kiume, miaka 9, darasa la karate ambalo silitaji. Sakafu ya saruji, hakuna mkeka hata mmoja, watoto kama thelathini kwa mwalimu mmoja. Siku ya mtihani wa mkanda wa njano wakampanga na kijana wa miaka 13. Akafagiwa miguu, kisogo kikatua kwenye saruji. Mwalimu akampa maji, akamwambia mwanaume halii, akamrudisha kupigana. Mimi niko nje, wazazi haturuhusiwi kuingia. Usiku akaanza kutapika, ananiuliza swali lile lile mara nne. Saa saba usiku tuko hospitali: mtikisiko wa ubongo. Wiki tatu hakwenda shule. Nilipokwenda kuuliza, nikadaiwa ada ya mkanda. Dada, jina la mchezo liache kwanza. Tazama sakafu, na uone kama mzazi anaruhusiwa kukaa ndani.

MamaZawadi
Pole sana Bint_Pangani, nimesoma huku natetemeka. Samahani kwa kutojieleza. Zawadi ni wa kike, ana miaka 8, tuko Tabata. Karate 25,000 kwa mwezi, taekwondo 40,000, sare mbali. Ukweli ni kwamba kuna wakubwa wanamnyang'anya hela ya andazi shuleni. Siku hizi asubuhi analalamika tumbo.

Mwl_Mstaafu
Mwanangu, ungeanza na hili. Kesho nenda kwa mwalimu wa darasa na wa nidhamu, uende na majina. Kuwazuia hao ni kazi yetu watu wazima, usimtwike binti wa miaka 8. Mazoezi mpeleke, yatamjenga, lakini asiambiwe anakwenda kujifunza kulipiza.

Chui_wa_Moshi
Mwalimu, shule ngapi zinashughulikia? Wangu alisimama imara siku moja tu, wakamwacha.

Mwl_Mstaafu
Na wangapi walisimama imara wakavunjwa meno? Nimefundisha miaka 31.

Abu_Salma
Mimi wangu nilimtoa karate kwa sababu ya kuinamia picha ukutani. Hilo mama ulifikirie pia.

BabaTatu
@Abu_Salma ile ni salamu ya Kijapani, siyo ibada. Ongea na mwalimu, wapo wanaokubali mtoto asimame wima tu.

Abu_Salma
Wa kwetu alikataa.

MamaZawadi
Asanteni wote. Kesho asubuhi naanzia shuleni, jioni nakwenda kuangalia karate. Nimeuliza, mzazi anakaa ndani. Mikeka sijui. BabaTatu, hiyo judo kutoka Tabata ni daladala ngapi?

BabaTatu
Mbili. Jioni foleni ni kubwa, nenda Jumamosi asubuhi.

MamaZawadi
Jumamosi asubuhi ana madrasa.