Sado, kopo na fungu: kila meza sokoni ilazimishwe kuwa na mizani?

Mfuto
Wakuu, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani yoyote ya biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kupigwa chapa. Wakala hurudia kila mara kwamba sado (kopo la rangi linalotumika kupimia), ndoo na kopo si vipimo halali. Ukiingia sokoni hali ni nyingine: mchele una mizani, maharage yana sado, nyanya zina fungu, viazi vina lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo). Naweka hoja: marufuku ya sado itekelezwe, na kila meza ya nafaka iwe na mizani.

Sado ni lita 4. Lita moja ya mahindi makavu ina takriban gramu 750, kwa hiyo sado ya mfuto, yaani iliyosawazishwa mdomoni bila mlima, ni kilo 3. Kitako kikipashwa moto na kusukumwa ndani sentimita 2, chombo kinapoteza karibu robo lita, yaani gramu 170 hivi za mahindi. Juu hakuonekani kitu, na mteja anaona imejaa hadi mdomoni. Debe nalo lina mchezo wake: lita 20 za mfuto ni kilo 15, lakini watu wanahesabu debe sita kuwa gunia la kilo 100. Kilo 10 zinazopungua ziko kwenye mlima unaowekwa juu ya debe, na mlima huo unategemea mkono wa anayepima.

MezaYaNafaka
Mfuto, hesabu yako ni sahihi lakini umechanganya biashara mbili. Anayesema "kilo" na kutoa pungufu ni mwizi, hapo hatubishani. Fungu la nyanya halitaji uzito wowote. Mteja analiona lote, anageuza, anaomba nyongeza, anaacha. Nyanya za fungu moja zina ukubwa na uivu tofauti, na bei inabadilika kutwa kadiri zinavyolainika. Ukiweka kilo hapo, nyanya mbovu zitafichwa chini ya mfuko na mizani itazipima kama nzuri.

Halafu kuna mteja wa shilingi 500. Anataka dagaa wa mboga ya usiku mmoja tu. Mizani ya kilo 30 inampimia vipi?

JiweLaKilo
Swali la mwisho lina jibu la kiufundi, na linakusaidia wewe zaidi ya Mfuto. Kanuni ya kimataifa ni R 76 ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria ambalo Tanzania ni mwanachama. Mizani ya kawaida ya dukani ni daraja la tatu, na kiwango chake cha chini ni vigawanyo 20 (kigawanyo ni hatua ndogo kabisa ambayo mizani inasoma). Kama mizani ya kilo 30 inahesabu kwa gramu 10, chini ya gramu 200 haifai kutumika. Dagaa wa gramu 80 juu yake ni kubahatisha, hata kama stika ni ya jana. Meza ya dagaa na viungo inahitaji mizani ndogo, mfano ya kilo 3 yenye kigawanyo cha gramu 1, ambayo inaanza kupima kwenye gramu 20.

Kosa linaloruhusiwa wakati wa uhakiki, kwa ile ya kilo 30: hadi kilo 5 ni gramu 5, kutoka hapo hadi kilo 20 ni gramu 10, juu ya hapo ni gramu 15. Ikiwa kazini huruhusiwa mara mbili ya hayo.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui. Mizani ya springi na ya kidijitali hupima mvuto wa dunia juu ya mzigo, na mvuto huo huku karibu na ikweta ni mdogo. Iliyosetiwa Beijing ikaletwa Dar es Salaam bila kurekebishwa inasoma pungufu kwa takriban gramu 21 katika kila kilo 10. Imeshavuka kikomo cha uhakiki ikiwa ndani ya boksi, na anayeibiwa ni muuzaji! Ya sahani mbili na mawe haina shida hiyo, kwa sababu mvuto unapungua pande zote mbili. Ndiyo maana kununua mizani Kariakoo na kuianika mezani siku hiyohiyo ni kosa, hata kama huna nia mbaya.

Mawe nayo yakaguliwe. Jiwe la chuma lina tundu lililojazwa risasi (ile metali laini na nzito), na chapa hupigwa juu ya risasi hiyo. Risasi ikichomolewa, jiwe ni jepesi na halina uhalali. Ukikuta tundu tupu usinunue nyama hapo.

KaraniAMCOS
Mnabishania gramu 170 wakati mkulima anapoteza debe zima. Kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Lumbesa ya viazi au vitunguu inashonewa kilemba cha neti juu, inafika kilo 120 na zaidi, na bei inabaki ya gunia. Sado ya mjini ni mtoto wa lumbesa: aliyenunua kwa kukadiria atauza kwa kukadiria.

Ila na mizani isiabudiwe. Haioni maji. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi hapo zinabaki kama kilo 94.8. Aliyenunua kwa mizani bila kipima unyevu amelipia lita tano za maji kwa bei ya mahindi. Kwa debe asingeumia hivyo, maana mahindi mabichi huvimba na hujaza chombo mapema. Anayetaka kulazimisha mizani ghalani alazimishe na kipima unyevu.

Gorogoro2
Huku Kenya ni hivyohivyo. Sheria ipo, Sura ya 513, na kanuni za viazi za 2019 zikaweka gunia la kilo 50, lakini magunia yaliyoongezwa kichwa bado yanapakiwa. Gorogoro lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia ya kilo mbili, na watu wakaamini mahindi yake nayo ni kilo mbili. Yakiwa mfuto hayafiki hata kilo moja na robo tatu.

Mfuto
MezaYaNafaka, kuhusu fungu nakubali, libaki. Nafaka sikubali. Maharage hayalainiki mchana, na sado ina bei moja meza zote ilhali ujazo si mmoja. Hapo mteja hana cha kukagua kwa macho.

MezaYaNafaka
Basi gharama ibebwe na nani? Mizani, uhakiki wa kila mwaka, fundi, betri. Kwa meza yenye magunia mawili ni mzigo. Mimi naona soko liwe na mizani moja ya kuhakikishia, mlangoni, na yeyote akapime alichouziwa.

JiweLaKilo
Hiyo inafanya kazi ikiwa na mtu wa kuitunza. Kila asubuhi: kiputo cha pimamaji kiwe katikati, kioo kisome sifuri, jiwe la kilo 10 liwekwe kwenye kila kona nne kwa zamu. Kona moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya gramu 20, isitumike hadi ifunguliwe. Lakiri juu ya swichi ya kurekebishia iwe nzima. Ikikatwa, hata na fundi mwenye leseni, uhakiki unarudiwa. Feni isielekezwe kwenye sahani. Betri ikianza kuwaka taa nyekundu ichajiwe kwanza, na mfuko upimwe mtupu ili uzito wake utolewe. Kwa mnunuzi wa pamba au korosho ningeongeza: mizani ya kuning'iniza ifungwe kwenye boriti, isishikwe mkononi, na isomwe ikitulia.

KaraniAMCOS
Na kitabu cha matokeo kining'inie hapohapo, namba ya meza na upungufu wake. Faini inalipwa mara moja ikasahaulika, lakini wateja wakiona meza namba fulani imepunja mara tatu wiki hii hawahitaji mkaguzi.

MezaYaNafaka
Kitabu sina tatizo nacho. Kiandike na waliozidisha.